Kipimajoto cha jikoni kwa wapika mamaledi: nilivyokiona mimi

Mwenye mchungwa uani hapa Muheza hana shida ya kupata machungwa, ana shida ya kuyamaliza. Msimu ukipamba moto, viroba vinajaa barabarani na bei inashuka mpaka uchumaji haulipi. Ya kwetu mengi yanaangukia chini ya mti, kuku wakayadonoa. Mimi huyapika mamaledi, yaani jamu ya machungwa pamoja na maganda yake, na msimu huu nilinunua kipimajoto cha kidijitali, kile chembamba chenye ncha ndefu ya chuma, kwa shilingi 18,000 Kariakoo. Kimenisaidia sana, ila kina mambo yake ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua mapema.

Kazi ninayokitakia ni moja tu: kunionyesha saa ya kuepua. Ukiepua mapema, unapata sharubati nzito inayotiririka kwenye mkate. Ukichelewa, chupa nzima inakuwa ngumu na ladha ya machungwa imezikwa na sukari iliyoungua. Huku kwetu chini, juisi na sukari vikichemka pamoja, joto linapanda kadiri maji yanavyokauka, na likigonga nyuzi 104 au 105 sukari imefika kama asilimia 65 ya sufuria nzima na rojo litaganda likipoa. Joto linasuasua sana kwenye 102, unaweza kudhani kifaa kimekwama, halafu mwishoni linakimbia. Hapo mwiko usitoke mkononi wala usiende mlangoni kumpokea mgeni.

Sasa lipo jambo ambalo karatasi ya ndani ya boksi haikulisema. Imeandikwa jamu ni nyuzi 105, basi. Dada yangu anaishi Lushoto, nikamwazima kifaa. Akaifuata karatasi neno kwa neno, mamaledi ikatoka nyeusi, kijiko kinasimama wima. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kule maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kuisubiri 105 ni kukausha maji kupita kiasi. Nilimwambia, dada, anza na maji matupu: yachemshe, soma namba, ongeza 5, hapo ndipo pa kuepulia. Akaepua kwenye 100, ikaganda vizuri kabisa. Na mimi Muheza huanza hivyo hivyo. Changu kinasoma 99 kwenye maji yanayotokota, kwa hiyo naepua kwenye 104. Kipimo hicho cha maji kinakupa pia uhakika kwamba kifaa ulichouziwa kinasema kweli.

Ila kipimajoto hakijui kama machungwa yako yana pektini ya kutosha, ile gundi ya asili ya matunda inayogandisha jamu, na bila pektini hata ufike nyuzi ngapi haigandi. Pektini ya machungwa iko kwenye mbegu na kwenye ile nyama nyeupe ya ganda, vitu ambavyo wengi wanavitupa. Mimi huvifunga kwenye kitambaa chepesi, nikaviloweka usiku kucha pamoja na maganda yaliyokatwa vipande vyembamba, asubuhi navichemsha vyote mpaka ganda linapondeka kwa vidole viwili. Kisha nakikamua kile kitambaa, unaona ute mzito unatoka, huo ndio wenyewe. Sukari inaingia baada ya hapo tu. Ganda likikutana na sukari kabla halijalainika, litabaki gumu hata upike mpaka jioni. Machungwa yetu ni matamu mno, hayana ukali wa kutosha, kwa hiyo nakamulia ndimu mbili tatu. (Rangi msiitarajie ile ya dukani. Chungwa la Muheza huiva likiwa na ganda la kijani kwa kuwa usiku wetu una joto, na kijani hicho kikipikwa kinageuka hudhurungi. La Lushoto, kwenye baridi, linapata manjano nzuri.)

Kasoro zake sasa. Hakina kibanio cha kukishikiza kwenye ukingo wa sufuria, na hili limeniudhi kweli, kwa sababu rojo la sukari linaruka na linaunguza kuliko maji. Nakishika kwa mkono niliouzungushia kitambaa. Ncha ikigusa kitako cha sufuria inasoma juu kupita kiasi, lazima iwe katikati ya rojo. Mvuke unaingia kwenye kioo, namba zinafifia wakati unapozihitaji zaidi. Kinajizima chenyewe baada ya dakika chache, ukiwasha tena unasubiri namba zitulie. Betri iliyokuja nayo iliisha mapema, ila ni ile ndogo ya mviringo, kwa fundi saa utaipata.

Bado kisahani changu kinakaa kwenye friza. Nyuzi zikitimia, nadondoshea tone, nasubiri kidogo, nalisukuma kwa kidole. Likijikunja juu, nazima gesi. Tangu niwe na vyote viwili, sijatoa chupa ya majimaji.

Anayepika mara moja kwa mwaka kisahani kinamtosha. Anayetaka kuuza chupa zake anunue kipimajoto, maana mteja anataka ya leo ifanane na ya mwezi jana. Atafute chenye kibanio na ncha ndefu, hata kikizidi bei ya changu kwa elfu kumi.