Tanga lililoshonwa na fundi wa mahema Arusha: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Nina mashua ya tanga aina ya Wayfarer, ya mita 4.82, ninayoiweka Bwawa la Nyumba ya Mungu, kilomita 50 hivi kutoka nyumbani Moshi. Tanga kuu la zamani lilikuwa limeliwa na jua mpaka likawa linachanika kwa kidole. Kuagiza jipya Ulaya kulikuwa nje ya uwezo wangu, nikaamua kujaribu kwa fundi wa mahema. Arusha mafundi hao hawakosekani, kambi za watalii zinawapa kazi mwaka mzima.

Kitambaa cha Dacron, yaani poliesta ya kushonea matanga, nilitumiwa na shemeji yangu aliye Uingereza. Fundi, ambaye karakana yake iko mtaa wa Unga Limited, alichukua shilingi 350,000 za ushonaji. Aliahidi wiki mbili, zikawa tano, na hilo lilinikera sana. Lakini kazi yenyewe aliiheshimu. Alilitandika tanga la zamani sakafuni, akachora kwa chaki kila kipande peke yake, hakufuata ukingo wa nje tu. Tumbo la tanga linatoka hapo: kila kipande kinakatwa na mviringo mdogo pembeni, vikiunganishwa ndipo kitambaa kinapata kina. Angechora umbo la nje tu, ningerudi Moshi na bendera. Mshono ni wa zigizaga, mistari miwili, kwa uzi wa poliesta ule wa mahema, na pembe zote zina tabaka nne.

Siku ya kwanza majini nilifurahi nusu. Upepo ukiingia kushoto, mashua ilikwenda vizuri, GPS ya simu ikisoma kilomita 7 kwa saa huku nikiukaribia upepo bila shida. Nikigeuza mashua, upepo ukaingia kulia, ilikuwa mashua nyingine kabisa. Usukani mzito, pua inataka kugeukia upepo, mwendo kilomita 5 na nusu, na tunasukumwa pembeni. Nikampigia fundi simu, nikamwambia tanga lina kasoro.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Baba, kitambaa ni kimoja. Upepo ukija huku kinavimba kule, ukija kule kinavimba huku. Nikikikata vibaya, si kitakuwa kibaya pande zote mbili?"

Alikuwa sahihi, na mimi niliyekuwa na mashua miaka sita sikuwa nimeliwaza hivyo. Kama tofauti ni ya upande, tafuta kitu chenye upande.

Nilianza na mawimbi. Pale bwawani mara nyingi hayaji sawasawa na upepo, kwa hiyo upande mmoja yanakupiga usoni na mwingine yanapita ubavuni, na mwendo unatofautiana hata kama mashua haina ubaya wowote. Nikarudi asubuhi, maji yakiwa bado tambarare. Tofauti ikapungua kidogo tu. Nikahamisha nanga na dumu la maji, vilivyokuwa vimelala upande mmoja, nikaviweka katikati. Ubao wa chini na usukani nikavikagua nchi kavu: vimenyooka.

Kisha mlingoti. Hapa ningemwomba kila mwenye mashua ndogo apime kabla hajamlaumu mshonaji. Nilifunga tepu ya chuma kwenye kamba ya kupandishia tanga, nikaipandisha hadi juu, nikapima mpaka pale waya ya pembeni, inayoushikilia mlingoti, inaposhikia ukingo wa mashua, kulia halafu kushoto. Kulia kulizidi kwa sentimita 3. Mlingoti ulikuwa umeinamia kushoto, kwa sababu pini ya waya ya kulia niliichomeka tundu mbili nje kuliko ya kushoto, waya ikawa ndefu zaidi, siku nilipousimamisha mwenyewe. Kwa hiyo upepo ukiingia kulia, tanga zima lilikuwa limelalia upande ule ule upepo unakoelekea, na ndiyo maana usukani ulikuwa mzito.

Nikasawazisha. Upepo wa mchana ulipokolea, pande zote mbili zikawa sawa kabisa. Lakini upepo ukiwa mdogo, upande wa kulia bado ulizembea, na hili lilinisumbua wiki tatu.

Jibu lilikuwa ndani ya tanga. Fundi alikuwa amenitengenezea vile vijiti bapa vya kukaza ukingo wa nyuma kwa mwanzi uliopasuliwa. Mwanzi una ganda gumu upande mmoja na nyama laini upande wa pili, na ulipokauka vyote vinne vilijikunja kuelekea kulia. Upepo mkali ulivilazimisha kugeuka. Upepo mdogo haukuweza, tanga likabaki na tumbo upande usiotakiwa. Kitambaa hakikuwa na upande, mwanzi ulikuwa nao.

Nilimrudishia, safari hii bila hasira. Alivichonga vipya, vyembamba, akavigundisha viwili viwili mgongo kwa mgongo, ganda likiwa nje pande zote. Hakunitoza. Tangu hapo, hata upepo wa saa tatu asubuhi ukiwa ndiyo kwanza unaanza, nageuza mashua na namba ya GPS inabaki ile ile.

Lawama zangu zilizobaki: kijicho kimoja cha shaba, tundu la kupitishia kamba, kilichomoka mwezi wa pili, na wiki tano ni nyingi. Ukimpelekea kazi, mpe tanga la zamani la kuchorea, mwambie mapema kuhusu vijiti, na kabla ya kumpigia simu pandisha tepu yako mlingotini upime. Mimi nimeshampelekea tanga dogo la mbele, na nimemwomba aweke dirisha la plastiki kwa chini ili niweze kuona mitumbwi ya wavuvi.