Gati la Greenwich, London: Kituo Kinachopanda na Kushuka na Maji

Gati la Greenwich liko kwenye ukingo wa kusini wa Mto Thames, na ningependa kila mgeni wa London alifikie kwa boti badala ya treni, kwani boti ikishapita Tower Bridge huongeza mwendo kuelekea mashariki hadi inapojitokeza milingoti ya Cutty Sark, merikebu ya matanga iliyoundwa mwaka 1869 kwa ajili ya kuleta chai kutoka China.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi gati lenyewe linavyoyatii maji. Thames hapa bado hujaa na kupwa kama bahari, na siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kimo hupita mita 6, jambo ambalo msomaji wa Lamu au Unguja atalielewa upesi. Kwa sababu hiyo abiria hapandi boti kutoka ukutani, bali kwenye jukwaa kubwa linaloelea, lililounganishwa na nchi kavu kwa daraja la chuma ambalo hulala karibu sawa maji yanapojaa na kuinama sana yanapokupwa. Jukwaa na boti hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo hata mwenye kigari cha mtoto huvuka bila wasiwasi. Kazi iko kwenye daraja. Nilipokwenda na mama yangu tulifika asubuhi maji yamekupwa, naye akaupanda mteremko ule taratibu, akishikilia vyuma vya pembeni. Jioni, maji yamejaa, alirudi akitembea bila msaada. Anayemsindikiza mzee au kusukuma kiti cha magurudumu atazame kwanza jedwali la maji.

Nauli hulipwa kwa Oyster, kadi ya usafiri ya London, au kwa kadi ya benki. Ni kubwa kuliko ya treni, wala haihesabiwi katika kikomo cha malipo ya siku, yaani kiwango ambacho abiria hatozwi zaidi yake kwa siku moja.

Hatua chache kutoka gatini kuna kuba la kioo, mlango wa njia ya miguu iliyochimbwa chini ya mto na kufunguliwa mwaka 1902 kwa ajili ya wafanyakazi wa bandari. Kuivuka ni bure. Hata hivyo, mwenye nafasi aendelee na boti hadi North Greenwich, kwa kuwa hupita mbele ya majengo pacha yaliyobuniwa na Christopher Wren, na katika pengo lililo kati yake huonekana Queen's House, nyumba ya kifalme; pengo hilo liliachwa ili nyumba hiyo isizibiwe mandhari ya mto.