Plaiwudi ya marine na epoksi kwenye boti ya alumini: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Wakuu, mimi niko Minnesota huku kwenye maziwa, nina kiboti cha alumini cha futi 14, kile cha kuvulia cha watu wawili watatu, na injini ya kupachika ya hosipawa 9.9. Ule ubao wa nyuma unaobeba injini, transomu, ulikuwa umeoza mpaka ukitia gia injini inainama kwanza ndo boti inaondoka. Karakana wakanitajia bei ambayo nikiongezea kidogo tu napata boti nyingine ya mtumba, nikasema basi nafanya mwenyewe. Kwa hiyo hapa naongelea vitu nilivyonunua, plaiwudi ya marine (ile ya kujengea boti) na epoksi ya West System (gundi ya maji ya kuchanganya, ikikauka inakuwa ngumu), maana hivyo ndo vimekula hela.

Kwanza niseme kwa nini sikuchukua plaiwudi ya dawa, ile ya kijani kijani ya maduka ya ujenzi. Mwenye boti wa kwanza aliweka hiyo. Nilipotoboa ribiti za kona na kung'oa ubao, bati la ndani lilikuwa limejaa unga mweupe kama chokaa, ukikwangua na bisibisi unadondoka na chini yake kuna vishimo, na sehemu mbili tatu ukimulika tochi kwa ndani mtu aliye nje anaona mwanga. Ile dawa ina shaba, na shaba ikikaa na alumini penye unyevu, alumini ndo inaliwa. Na bado jamaa wa duka moja kubwa hapa alinisukumia hiyohiyo, eti chukua hii haiozi. Ni kweli haiozi, inayoisha ni boti.

Haya, plaiwudi yenyewe. Nilichukua ya okoume yenye muhuri wa BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, mti wake unatoka sanasana Gabon, ni nyepesi na ina rangi ya waridi iliyopauka, ukiikata ukaangalia pembeni tabaka zote zimeshikana hakuna pengo hata moja. Hapo hela yangu sijutii. Ila msidanganyike na hilo jina la marine, haijatiwa dawa yoyote, kinachohimili maji ni gundi yake na zile tabaka zisizo na matundu, mti wenyewe ukiachwa wazi unaoza kama mwingine. Niliunganisha vipande viwili vya milimita 19 nikapata 38, unene uleule wa zamani, na kimo nikaacha inchi 15 kwa sababu injini yangu ni ya shafti fupi. Ubao wa zamani ulikuwa makombo hauwezi kuchorea, kwa hiyo pima na boksi la karatasi kwanza ndo upeleke msumeno.

Epoksi sasa. Uzuri wa hii ni zile pampu zake, bonyeza moja ya resini na moja ya hadina (ile ya kuigandisha) basi, uwiano wa 5 kwa 1 unajipanga wenyewe huna haja ya mizani. Chukueni hadina ya taratibu, 206, ile ya haraka joto likipanda kidogo hujamaliza hata upande mmoja kikombe kishaanza kuchemka na kutoa moshi. Na ukishachanganya mimina kwenye trei pana, usiiache imerundikana kwenye kikombe maana ikijazana inajipasha yenyewe. Mimi nilipaka koti tatu, na pembeni kwenye ncha za mbao nikazidisha kwa sababu hapo ndo mbao inanywa maji kama mrija. Kero yake ni ule utelezi kama nta unaobaki juu ikishakauka, lazima uoshe kwa maji na dodoki la kusugulia ndo upige msasa, ukipiga msasa bila kuosha unausindilia ndani na koti inayofuata haishiki vizuri. Inachosha, sitaficha.

Matundu ya bolti ndo watu wanapoharibu kazi nzuri. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi iliyokolezwa iwe nzito, ikikauka toboa tena saizi yenyewe, hapo bolti haigusi mbao kabisa. Huku maji yakiingia kwenye tundu yanaganda winter, yanavimba na kupasua tabaka, hayangoji hata kuozesha. Bolti nilitumia za stenlesi, silanti (gundi ya kuzuia maji) ya 3M 4200 badala ya 5200, kwa sababu 5200 ikishika siku ukitaka kufungua utang'oa na bati. Vile vishimo vya bati nilisafisha nikaziba kwa epoksi, vikubwa nikapigia kiraka cha alumini na ribiti. Bomba la kutolea maji nikaweka la plastiki, la shaba nyeupe nikatupa, shida ni ileile.

Nimeenda nayo Mille Lacs, ziwa ambalo upepo ukiamka mawimbi si mchezo, injini imetulia, nikigonga ubao kwa kifundo cha kidole unalia tii, mkavu. Mbao nyota tano, epoksi nne sababu ya ule usumbufu wa kuosha. Kuna wanaotumia Coosa, ubao wa povu na fibaglasi usiooza kabisa, niliulizia bei nikarudisha simu mfukoni, ila kama boti yako inakaa majini miezi yote na ina injini kubwa kaulizieni. Na kama bati lenu limeliwa kuzunguka kona za chini kabisa, msinunue hata mbao, tafuteni fundi wa kuchomea alumini aliangalie kwanza.