Uzoefu wangu: kambi za farasi zenye mazizi, msitu wa Deschutes, Oregon

Kwenye msitu wa taifa wa Deschutes, jimboni Oregon, Marekani, kambi ninazozipenda zaidi ni Quinn Meadow na Sheep Springs. Sababu ni mazizi. Yako pale pale unapopiga hema, kwa hiyo usiku ukisikia kishindo unafika na tochi mara moja. Farasi aliyefungwa kwenye kamba baina ya miti hawezi kujilaza vizuri, na asubuhi misuli imemkaza. Zizini anageuka, anajilaza na kunywa apendavyo. Hicho ndicho unacholipia, na kwangu bei ni halali.

Unapoweka nafasi kwenye Recreation.gov, tovuti ya kukodi kambi za serikali ya Marekani, angalia zizi lina vyumba vingapi. Mwenye farasi wawili achukue la vinne akilipata, hasa kama farasi hao hawajazoeana, ili abakize chumba kitupu kati yao. La sivyo watapigana mateke kwenye nguzo usiku kucha.

Zizi likaguliwe kabla farasi hajashuka kwenye trela. Sukuma kila nguzo, kwa sababu zilizooza chini hazionekani kwa macho. Pitisha mkono juu ya boriti kutafuta misumari iliyochomoza, kisha okota vipande vya waya na chupa. Komeo la kambini usiliamini: farasi mjanja hulifungua kwa midomo, kwa hiyo zungushia mnyororo mfupi na karabina, yaani kile kipete cha chuma chenye ulimi wa kubana. Mvue kamba ya kichwani kama ni ya nailoni, kwani ikinasa kwenye boriti haikatiki. Itundike langoni, tayari kwa dharura.

Jambo ambalo wageni wengi hulipuuza ni udongo. Sehemu kubwa ya msitu huu imefunikwa na majivu na changarawe nyepesi za volkano ya Mazama, iliyolipuka takriban miaka 7,700 iliyopita. Farasi akila hei, yaani majani makavu ya malisho, chini humeza mchanga pamoja nayo, mchanga hutuama kwenye utumbo mkubwa, na msokoto wa tumbo huja baadaye, pengine ameshafika nyumbani na hakuna anayekumbuka zizi. Beba hori la mpira, au wavu wa hei uliofungwa juu kiasi kwamba hata ukiisha na kulegea, kwato haliwezi kuingia.

Hei yenyewe lazima iwe imethibitishwa kuwa haina mbegu za magugu. Hiyo ni kanuni ya misitu ya taifa ya Oregon na Washington. Anza kumbadilishia siku 7 hadi 10 kabla ya safari, kidogo kidogo. Tumbo litazoea, na mbegu za hei ya zamani zitakuwa zimeshatoka. Farasi wa kilo 450 hula karibu kilo 9 kwa siku. Kwa farasi wawili, siku tatu, hizo ni kilo 54: marobota madogo matatu ya kilo 20 hadi 25, na mimi huongeza la nne kwa sababu baridi ya usiku huwaongezea njaa.

Maji: lita 30 hadi 40 kwa kila farasi kwa siku, na zaidi akipanda mlima. Wengine hugoma kunywa maji yenye harufu ngeni. Njoo na lita 40 za nyumbani, uwachanganyie ya kambini hatua kwa hatua. Ndoo ifungwe kwenye nguzo. Iliyowekwa chini itapinduliwa.

Quinn Meadow iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Theluji huchelewa kuisha, na Julai mbu ni wengi mno. Usiende bila dawa na barakoa ya macho ya farasi. Mwisho wa Agosti na Septemba ndio wakati mzuri, ila fuatilia habari za moto na moshi. Njia ya Metolius-Windigo, inayoanzia Sheep Springs, inatosha kwa siku kadhaa bila kurudia mahali.

Kabla ya kuondoka, zoa samadi pamoja na mabaki ya hei na uvitie kwenye shimo la kambi. Pasipo na shimo, vipakie kwenye trela urudi navyo. Beba uma, reki na magunia yako. Toroli la kambini mara nyingi utalikuta gurudumu halina upepo.