Mkanda wa kiuno wenye vyuma: kabla hujaulipia, tazama kiuno kinavyoinama

Mkanda wenyewe ni ule mweusi, mpana sentimita 20 hivi kwa nyuma, wenye vyuma vinne vyembamba vilivyoshonewa kwenye vifuko na kamba mbili za pembeni zinazobandikwa kwa velkro. Mbeya mjini utaukuta kwenye maduka ya vifaa tiba, na wamachinga nao wanautembeza. Maboksi yanatofautiana, bidhaa ni ileile. Wapakiaji wa viazi na akina mama wa shambani huuziwa kwa sifa moja: ukiuvaa, kiuno hakikunji, kwa hiyo hakiumi.

Sifa hiyo ni kasoro kubwa kuliko ushonaji wake mbovu, maana kiuno chenye afya kimeumbwa kijikunje.

Mtu mwenye mgongo mzima akiinama kuokota kiazi kwenye tuta kule Isongole, pingili zake tano za kiuno hazikai kama gongo. Akisimama wima zimebonyea kwa ndani. Anapoanza kuinama bonde hilo linajaa, mgongo unanyooka, kisha unajikunja kidogo kwa nje. Kila pingili inalala mbele juu ya mwenzake kwa nyuzi kati ya 8 na 13 hivi, huku ikiteleza mbele milimita moja hadi tatu. Diski, yaani mto laini ulio kati yao, inabanwa mbele na kuvutwa nyuma. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili vinapanda juu na kuachana kama vigae, navyo ndivyo vinavyozuia pingili isiteleze kupita kiasi. Jumla kiuno kinatoa nyuzi 50 hadi 60. Zilizobaki mpaka vidole viguse ardhi zinatoka kwenye nyonga. Mwanzoni kiuno ndicho kinachofanya kazi zaidi, katikati vinagawana, mwishoni nyonga inamalizia. Wakati wa kuinuka, nyonga ndiyo inayotangulia.

Kuna jambo unaweza kulishika kwa mkono. Weka vidole viwili kila upande wa uti wa mgongo, usawa wa kitovu, kisha mwambie mwenzako ainame taratibu mikono ikining'inia. Mwanzo misuli inakakamaa kama kamba ya ndoo kisimani. Karibu na mwisho inalegea ghafla, inakuwa laini kabisa, kwa sababu uzito umeshachukuliwa na kano na diski. Kwa wengi wenye maumivu ya muda mrefu ulegevu huo haupo: misuli inabaki imekaza mpaka chini, inachoka bure.

Turudi kwenye mkanda. Ukikazwa sawasawa unabana tumbo na kupunguza ile sehemu ya mwisho ya kuinama, na nyonga inalazimika kufanya zaidi. Kwa mtu aliyeumia juzi, hilo ni msaada halisi: siku chache za kwanza, saa mbili tatu kwa siku, wakati wa kazi tu. Kwa mzima anayetaka kujikinga, hali ni tofauti. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipitia ushahidi mwaka 1994 na haikushauri mikanda hii kwa wafanyakazi wasio na jeraha. Taasisi hiyohiyo inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua katika mazingira mazuri kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili. Gunia la lumbesa linapita kilo 100. Hakuna chuma cha mkanda kinachoziba pengo hilo. Kinachosaidia ni kugawa mzigo na kuongeza watu.

Namna ya kunyanyua ina uzito kuliko mkanda. Kipimo kilichowekwa ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, kilionyesha shinikizo la megapaskali 0.5 akisimama, 1.7 akinyanyua kilo 20 kwa kukunja magoti, na 2.3 akinyanyua uzito uleule mgongo ukiwa mviringo.

Kwa jembe hatuushauri. Mtu akipalilia kwa kuinama dakika 20 mfululizo, kano za nyuma zinavutika polepole na hazirudi papo hapo hata akisimama. Mkanda hauzuii hilo. Unaongeza jasho na muwasho. Anayependa kubanwa tumbo, kibwebwe cha kanga kinambana vilevile na kinapumua. Fedha iende kwenye mpini mrefu zaidi, na kila baada ya dakika chache usimame, mikono kiunoni, ujipinde nyuma kidogo mara tano. Asubuhi ndiyo pabaya zaidi: usiku diski hunyonya maji na kuvimba, hivyo kiuno huamka kigumu. Saa ya kwanza panga mbegu au safisha vifaa, magunia yasubiri.

Kabla ya kununua, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Ukiwa wima, mwenzako atafute vishimo viwili juu ya makalio, atie alama katikati yake, nyingine sentimita 10 juu na nyingine 5 chini. Inama hadi mwisho. Zile 15 zifike 20 au zaidi. Kijana ambaye hazifiki, na asubuhi anakakamaa zaidi ya nusu saa, aende hospitali kabla ya dukani. Mwenye ganzi kati ya mapaja, mguu unaolegea au mkojo usiozuilika aende siku hiyohiyo. Mjamzito, mwenye ngiri au shinikizo la damu asivae bila ushauri.

Ukiamua kuununua, saizi ichukuliwe kwa kuzungusha futi usawa wa kitovu, siyo kwa saizi ya suruali. Vaa umesimama, toa pumzi nusu, bandika mbele, kisha vuta kamba zote mbili kwa pamoja. Kiganja kiingie kwa taabu kidogo. Halafu keti. Ukingo wa juu ukigonga mbavu, ni mpana mno kwako. Chuchumaa pia, kwa sababu kinachoharibika mapema ni vifuko vya vyuma: mshono wa chini ni wa mstari mmoja, chuma kinautoboa na kuchoma kalio. Mpelekee fundi aushone mara mbili kabla hujaanza kuutumia. Chomoa vyuma ukifua, tumia maji baridi, anika kivulini. Jua linaua mpira, na velkro iliyojaa vumbi la shamba haishiki tena mpaka uichambue kwa mswaki mkavu.