Taa za picha za uso: kabla ya kulipa, ulizia R9

Wasomaji wananiletea lalamiko lile lile kwa maneno tofauti. Mtu kanunua taa ya LED, kaifunga softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), kapiga picha ya uso, na mteja katoka kijivu kama mgonjwa aliyeamka na homa. Kisha linakuja swali: nitumie programu gani ya kuhariri ili ngozi irudi? Jibu langu huwa halipendezi. Hakuna programu itakayorudisha rangi ambayo taa haikuitoa tangu mwanzo.

Miongozo ya taa huanza na nguvu, uzito na muda wa betri. Hayo yameandikwa kwenye boksi na unajua kusoma. Mimi nina ugomvi na namba ambayo mara nyingi haiandikwi kabisa: R9.

Taa ikisifiwa kuwa na CRI 95, yaani alama ya uaminifu wa rangi ambayo juu kabisa ni 100, huo ni wastani wa jinsi inavyoonyesha rangi nane za majaribio, R1 hadi R8, na zote nane ni rangi zilizofifia. Wekundu uliokolea ni R9, nao haumo kwenye hesabu hiyo. Taa inaweza kufaulu vizuri huku mwanga wake mwekundu ukiwa haba. Sasa mtazame mtu usoni: midomo, ncha za masikio, mashavu, ufizi akicheka. Uhai wa hapo unatokana na damu iliyo chini ya ngozi. Ngozi nyeusi nayo ina wekundu wake wa ndani unaoipa joto. Ukikosekana, ngozi inafubaa hata kama mwanga umekaa mahali pake.

Ukifika kwenye kompyuta mambo yanazidi kuharibika. Vuta waiti balansi (mizani ya joto na ubaridi wa rangi) kuelekea joto, meno yanakuwa ya manjano. Ongeza wekundu, chunusi na mishipa ya macho ndiyo inayojitokeza kwanza, maana ndiko wekundu mdogo uliopatikana ulikobaki. Mwisho unashika brashi na kupaka uso kipande kwa kipande, halafu unaambiwa umemgeuza mtu mwanasesere.

Jaribio lake halina gharama. Kaa kando ya dirisha mchana, pasipo jua la moja kwa moja, upige picha ya kiganja chako kwa RAW (faili ghafi ya kamera), kadi ya kijivu ya kupimia rangi ikiwa pembeni. Rudia chini ya taa unayoitaka, nyingine zote zikiwa zimezimwa. Sawazisha waiti balansi kwa kadi hiyo kwenye picha zote mbili, uziweke ubavuni. Angalia ncha za vidole. Zikiwa na uhai dirishani na zimekufa chini ya taa, mrudishie muuzaji taa yake.

Haya, tupange. Na sifichi: mimi ni mtu wa taa za kampuni ya Godox.

Namba moja ni Godox AD200Pro. Ni flashi, na tyubu ya flashi yenye gesi ya xenon hutoa mwanga uliokamilika rangi zote, kwa hiyo ugomvi wa R9 unaishia hapo hapo. Ina nguvu ya 200Ws (wati-sekunde, kipimo cha nguvu ya flashi), inatosha na kubaki kwa uso mmoja. Weka kichwa chake cha balbu isiyofunikwa, mwanga ujae ndani ya softiboksi ya pembe nane ya sentimita 90, uisogeze hadi chini ya mita moja, juu kidogo ya macho na upande mmoja, kisha reflekta nyeupe chini ya kidevu. Mwanga laini kiasi hicho unapunguza vivuli vya vinyweleo na mikunjo kabla hujagusa kuhariri. Shata ikiwa 1/160 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya chini, mwanga wa balbu za chumbani hautaonekana kwenye picha, kwa hiyo ziache zinawaka: mboni za mteja zitabaki ndogo na rangi ya macho itaonekana.

Ya pili ni Amaran 100d, kwa anayepiga na video. Ni LED lakini ya watu wenye adabu, CRI yao ni zaidi ya 95, na inapokea softiboksi na vifaa vingine vya mdomo wa Bowens, aina ya kiungio inayotumiwa na taa nyingi. Faida yake kubwa ni kwamba unaona kivuli cha pua kinapoangukia kabla hujabonyeza. Hasara: ukitaka mwanga laini unapoteza mwingi kwenye kitambaa, ISO inapanda. Na hii nayo ifanyie lile jaribio la kiganja, usiniamini mimi.

Profoto B10 ningeiweka wapi? Ni nzuri, rangi yake imetulia flashi kwa flashi. Lakini kwa pesa ile unanunua AD200Pro, softiboksi, stendi, triga ya kuwashia flashi kutoka kwenye kamera, na bado unabaki na chenji. Tofauti hiyo mteja wako haioni.

Mfuko ukiwa mdogo, Godox TT600 na mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga. Ni flashi ndogo, nguvu yake unaipanga mwenyewe kwa mkono, betri nne za AA, basi. Taa za duara za kujipigia video sizipangi. Zinaacha pete ndani ya jicho na kila mtu anajua ulitumia nini.

Kinachoniudhi kuliko taa ni wauzaji. Kuna mmoja nilimwuliza R9, akanijibu kwamba taa ina wati nyingi. Nikauliza tena, akasema rangi utarekebisha kwenye kompyuta. Wengine wanaandika alama ya chipu ya LED yenyewe, wakati kioo na kitambaa kilicho mbele yake vinaweza kuibadilisha. Wengine wanakuuzia seti ya vipande kumi, tisa vikiwa vitambaa vya rangi na mifuko, ili usitazame taa. Na softiboksi wanazoongezea bure: kunjua kitambaa cha mbele, ukiweke juu ya karatasi nyeupe mchana. Kikionekana cha krimu kikiwa bado kipya, hata flashi iwe nzuri namna gani itatoa ngozi ya manjano, na muuzaji yule yule atakuuzia kitambaa kingine.