Nimeenda Rukari, Nyanza: nilifuata jumba la mfalme, nikanasa kwenye nyumba ya maziwa

Nilikuwa Kigali wiki nzima kwa shemeji yangu, nikamwambia kabla sijarudi lazima nione ile makumbusho ya ikulu ya wafalme wa Rwanda kule Nyanza. Akacheka, "Shem, mimi nina miaka sita hapa na sijawahi kukanyaga." Basi Jumamosi tukaamkia stendi ya Nyabugogo, tukapanda basi la njia ya Huye, kama masaa mawili hivi ukishuka Nyanza unachukua pikipiki mpaka Rukari (wenyewe wanaiita moto, na helmeti unavaa na wewe abiria, hakuna cha "ni hapo hapo tu").

Niwe mkweli, niliposikia ikulu nilikuwa nawaza ngazi za marumaru na viti vya dhahabu. Sahau. Pale kuna makazi mawili ya kifalme kwenye eneo moja, kwanza nyumba za msonge za nyasi zilizojengwa upya zifanane na boma la mfalme wa zamani, halafu pembeni yake jumba la kizungu la Mwami (yaani mfalme) Mutara wa Tatu Rudahigwa, la miaka ya mwanzo ya 30. Baba yake, Yuhi wa Tano Musinga, ndiye aliyeifanya Nyanza kuwa makao ya kudumu mwaka 1899, maana kabla ya hapo wafalme walikuwa wanahama hama na watu wao, na Wabelgiji wakaja kumtoa kwenye kiti mwaka 1931 wakamweka mwanaye, huyo Rudahigwa. Kwa hiyo ukisimama hapo katikati ya uwanja, mkono huu nyasi mkono huu ukuta wa kizungu, hata kabla hujaelezwa kitu unaona kabisa kuna jambo lilipita hapo.

Sasa mimi ni Mhaya, msonge sio kitu cha kunishangaza, au ndivyo nilivyojidanganya. Tukavua viatu tukaingia. Giza. Unasimama kama dakika nzima huoni kitu halafu macho yanaanza kuzoea na vitu vinajitokeza kimoja kimoja, mikeka chini, michoro ya ufumaji ukutani, kitanda kikubwa cha mfalme kimeinuliwa juu, na ukitazama juu unaona zile pete za fito zinavyozidi kuwa ndogo mpaka kileleni. Na harufu ya nyasi kavu, yaani kama umeingia ndani ya kikapu. Bahati yetu mvua ikashuka tukiwa humo humo. Mimi nimezoea mabati, mvua ikinyesha mnanyamaza mpaka iishe kwa sababu hamsikilizani, pale mwongozaji aliendelea kuongea kwa sauti ile ile ya chini na hata tone moja halikupita, mpaka shemeji akachungulia mlangoni kuhakikisha kama kweli inanyesha. Inanyesha haswa!

Ila mimi penzi langu ni nyuma. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vijumba viwili vidogo, kimoja cha maziwa na kimoja cha pombe. Watu wengi naona wanachungulia, wanapiga picha, wanaondoka. Usifanye hivyo, kaa. Nyumba ya maziwa ilikuwa inasimamiwa na binti ambaye hajaolewa na ya pombe na kijana wa kiume, na hizi hazikuwa kazi za hivi hivi, maziwa ya mfalme huwezi kumkabidhi mtu yeyote tu. Ndani kuna vyombo vya maziwa vya kuchonga kwa mti, kipande kimoja, vina vifuniko vya kusuka vilivyochongoka juu kama kofia, na ukisogea karibu unaona msuko wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba nikauliza mara mbili kama ni wa mkono kweli. Hapo ndipo nilipoielewa hii makumbusho kama ya sanaa. Hamna mchoro kwenye fremu wala kioo mbele yake, kuna kifuniko cha maziwa ambacho mtu alikalia siku kadhaa akisuka mstari mweusi usipinde, na haukupinda. Kwenye ya pombe kuna vibuyu vya pombe ya ndizi, hapo sikuhitaji maelezo, sisi na wao ndizi ni ile ile.

Jumba la Rudahigwa lenyewe nalipitia haraka maana ni vyumba, ofisi, samani na picha nyingi, limetunzwa vizuri ila ni nyumba, ukishaona nyumba umeona. Picha ndio zilinishika, jamaa alikuwa mrefu kupita mita mbili na kwenye kila picha waliosimama naye wanaonekana kama wamechuchumaa. Historia yake inauma kidogo. Alijengewa jumba jingine jipya kilima cha Rwesero hapo jirani na hakuwahi kulihamia, akafariki ghafla Bujumbura Julai 1959, na watu mpaka leo wanabishana kilichomuua. Mke wake, Malkia Rosalie Gicanda, aliuawa kwenye mauaji ya kimbari ya 1994. Wamezikwa Mwima, hapo hapo Nyanza, na mfalme wa mwisho, Kigeli wa Tano, aliyefia uhamishoni Marekani naye alirudishwa akazikwa hapo mwaka 2017.

Halafu ng'ombe! Inyambo, wale wa mapembe marefu, wapo nyuma ya boma na wanavalishwa shanga usoni. Mchungaji akaanza kumwimbia mmoja, sio kuimba kwa kelele, ni kama anambembeleza mtoto huku anamsifia, na yule ng'ombe na mapembe yake yote akashusha kichwa akatulia kabisa, sikio tu ndio lilikuwa linacheza. Mimi niliyesema sitaki kusogea nikajikuta nimemshika shingo. Shemeji ana video ila amegoma kunitumia anasema nilikuwa nalia. Ilikuwa mvua.

Kwa anayetaka kwenda: tenga masaa mawili hadi matatu, usiende kwa kukimbizana na basi kama sisi, vaa viatu vya kuvua haraka (mimi nilivaa buti za kamba, nikawa nachelewesha kundi zima kila mlango), na msikilize mwongozaji kwa sababu vitu vingi havina maandishi ya kutosha kumwelewesha mgeni, bila yeye utaona vibuyu tu. Wetu alikuwa anachanganya Kiswahili na Kiingereza na tulielewana vizuri. Na kama wewe unachotaka ni michoro na sanamu za wasanii wa sasa, hiyo ipo Kanombe, Kigali, kwenye iliyokuwa ikulu ya Rais Habyarimana, ambako mabaki ya ndege yake iliyotunguliwa 1994 bado yako palepale yalipoanguka. Hiyo ni siku nyingine na moyo mwingine, usiziweke pamoja.

Kurudi tulikosa basi la kwanza, tukaingia sehemu wanauza maziwa pale mjini Nyanza tukaagiza ikivuguto, mtindi wao, glasi kubwa. Shemeji akaitazama ile glasi ya kawaida ya duka akaniambia, "Hii nayo ingekuwa na kofia yake." Tukaongeza nyingine.